Kwa Baisikeli Kufuata Hasira za Shemeji

Bura Misheni,
S.L.P. Voi,
Taita.
22 Septemba, 1956.

Mpendwa mpwa wangu Elsie,

Pokea salamu kutoka milimani, nyingi kama viroboto wa nyumba ya katekista. U mzima? Mvua ya Kampala inakuacha ukauke hata Jumapili? Na wagonjwa wako, wanapona, au wanajifanya wamepona wakikuona unakuja na sindano? Sisi huku hatujambo. Mama yako Tryphena ni mzima, sauti yake ndiyo nzima kutupita sote. Mimi ninalo goti moja linalolalamika, lakini ukisoma barua hii utaona lina haki. Usinitumie dawa. Zile za mara ya mwisho nilimpa mbuzi, akapona, tukamla.

Najua unavyosoma sasa. Macho yako yanaruka mistari yanatafuta neno moja tu: baba amesemaje? Tulia, mtoto. Nimetoka Voi mpaka Malindi na nimerudi, na nusu ya njia nilikuwa juu ya baisikeli. Siwezi kuimaliza safari kama hiyo kwa mstari mmoja eti kwa sababu wewe una haraka ya kuolewa. Na lile swali lako la pili, harusi iwe tarehe gani ya Desemba, nitalijibu mwisho, nikijisikia.

Mambo yenyewe unayajua, lakini nayaandika kwa ajili ya binamu yako Lois unayekaa naye, maana atakunyang'anya barua hii na kuuliza maswali. Basi Lois, sikiliza. Mzee Munyao, yule mwenye duka kule Kaloleni mjini Voi, alileta mbuzi wa posa huku Bura kwa ajili ya mwanawe Phineas. Baba yake Elsie, Donald, alikuwa pwani kwenye kazi yake ya uashi. Mama yake akawapokea wageni, mbuzi wakafungwa, akatuma habari kwa mdomo wa mtu. Huyo mtu akakawia njiani. Aliyewahi ni mchuuzi mmoja wa Voi, akamkuta Donald sokoni Malindi, akamshika mkono mbele za watu: "Hongera, mzee! Nasikia umepata mkwe Mkamba!" Tangu siku hiyo Donald hajajibu barua ya mtu yeyote. Wewe Elsie umemwandikia, kimya. Mama yako ameandika, kimya. Mimi niliandika nikamwita ng'ombe. Kimya vilevile.

Sasa mama yako akasema hakuna harusi mpaka Donald atase. Lois, wewe uliyezaliwa mjini, kutasa ni hivi: mtu mwenye hasira na wa kwao anatia kinywaji mdomoni, anakinyunyiza nje kwa nguvu, anasema yaliyomo moyoni, ananyunyiza tena, mpaka hasira itoke. Isipotoka inamkalia yule aliyekasirikiwa, na akiwa bibi arusi inaingia naye nyumbani kwake. Padri aliposikia alisema hayo ni mambo ya giza. Mama yako, Elsie, akamwuliza Padri yeye ana mabinti wangapi. Padri akakumbuka ana mgonjwa wa kutembelea.

Nani aende? Wanaume wote wakatazama viatu vyao. Mimi nikasema nitakwenda, na mama yako akadhani ni upendo. Upendo ulikuwepo kidogo. Lakini tangu ujana wangu nasikia habari za majumba ya mawe kule pwani yasiyo na watu, na hakuna aliyewahi kuniambia sawasawa watu wake walikwenda wapi. Kikosi anachofanya kazi baba yako kinasafisha na kutengeneza hayo hayo magofu, kinahama kutoka gofu hadi gofu. Nikaona nitamtafuta shemeji na huku natazama. Na basi la abiria halisimami kwenye gofu. Kwa hiyo nikachukua Mama Mkwe.

Mama Mkwe ni baisikeli yangu. Naiita hivyo kwa sababu ikipanda mlima inalalamika na ikishuka haisikii mtu.

Mama yako alitengeneza pombe ya miwa, safi, ya kutasia. Nikaijaza kwenye chupa, nikaziba kwa gunzi la mahindi, nikaifunga nyuma ya baisikeli kwa kamba ya mkonge. Akaniapisha nisiionje. Nikaapa nikiwa nimeshaonja, kwa hiyo sikusema uongo. Nikapanda treni Voi, Mama Mkwe akapanda behewa la mizigo pamoja na kuku, tukashuka Mombasa wote watatu tukinuka sawa.

Kitu cha kwanza nilikwenda kutazama ile ngome ya Wareno. Elsie, kuta zile zimeota juu ya jabali kama meno juu ya ufizi, huoni jiwe la Mungu linaishia wapi na la binadamu linaanzia wapi. Chini bahari inapiga tu, inapiga, kama mtu anayedai kufunguliwa. Nikamwuliza askari wa mlangoni kama naweza kuingia nitazame. Akanitazama mimi, akaitazama baisikeli. "Mzee," akasema, "kuingia hapa ni rahisi sana. Kaibe kuku." Kumbe ni gereza. Nikamshukuru, nikapiga kengele, nikaenda zangu.

Nikavuka lile daraja la Nyali linaloelea, linalotikisika chini ya magurudumu kama tumbo la mlevi, nikashika njia ya kaskazini. Barabara ni ya mawe ya matumbawe, makali kuliko ulimi wa mama yako. Nilipata pancha kabla sijapata jasho.

Pale Mtwapa kuna feri ya kuvutwa kwa mnyororo. Wavutaji wanavuta wakiimba, na katika wimbo wanamsema kila abiria. Mimi waliniimba kwamba babu wa milimani amekuja kutafuta mke wa pili na ameleta wa kwanza amemkalia. Nilicheka mpaka nikashikilia ukingo. Na hapo ndipo lilipotokea jambo la kusikitisha. Jua lilikuwa limeipata ile chupa tangu Mombasa, na barabara ilikuwa imeitikisa. Gunzi likaruka, paa! Sauti kama bunduki. Likampata karani mmoja kwenye helmeti yake. Na siku hizi unajua hali ya nchi, ukipasua kitu mbele ya karani anafikiri wapiganaji wa msituni wote wameshuka. Karani akalala kifudifudi. Wavutaji wakaacha kuimba. Askari mmoja akaja mbio, akakuta mzee analia, pombe inatiririka juu ya Mama Mkwe inamwagika baharini. Akanusa. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni hasira za shemeji yangu. Akaniacha, nadhani kwa kuniona sina akili.

Chupa ilibaki tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Nikaendelea na safari nikijiambia hata maji yanatosha kutasia, wazee wetu walitumia maji wakikosa. Lakini moyo haukutulia. Unakwenda kumwomba mtu mkavu atoe hasira, na mkononi huna kitu.

Ng'ambo ya hapo nikaiacha barabara kubwa, nikafuata kijia cha wavuvi kilicho ukingoni kabisa. Kila mtu aliniambia baisikeli haipiti. Walikuwa na haki. Kuna mahali nilimbeba Mama Mkwe begani, badala ya yeye kunibeba, na jamani ni mzito akiwa na kinyongo. Ile pwani si mchanga mtupu kama kwenye kalenda za maduka. Ni majabali yenye ncha, yametoboka-toboka, chini yamelika, wimbi likiingia ndani ya pango unasikia mlio chini ya nyayo zako kama mtu anakohoa ghorofa ya chini. Nililala kifudifudi nichungulie tundu moja, nikajua nini kimo ndani: maji. Yalinirukia usoni. Wakati wa vita ile ya kwanza nilibeba maji ya askari pale Salaita, debe kichwani, jua kali, tukigombea kikombe kimoja. Nikakaa pale nimelowa nikatazama maji yote yale yasiyonyweka, nikasema kweli Mungu naye ana utani.

Kule Mnarani, karibu na kivuko cha Kilifi, juu ya genge linalotazama mkono wa bahari, ndipo kikosi cha baba yako kilipokuwa mara ya mwisho. Nikakuta msikiti wa kale usio na paa, na kisima kirefu mpaka nilipotupa kijiwe nilisahau kama nimetupa. Kuna kaburi lenye nguzo imesimama juu yake kama kidole kinachosema "ngoja kwanza". Mlinzi alikuwa mama mmoja wa Kigiriama amekaa kivulini anasuka mkeka. Nikamwuliza habari za fundi Mtaita.

"Yule anayeongea na mawe?"

"Ndiye. Na watu haongei?"

"Na watu, baba, anaguna. Wameshahamia Gedi." Akaitazama chupa tupu nyuma ya baisikeli. "Na wewe umekuja kumlewesha au umemwachia harufu tu?"

Nikamwambia hiyo chupa ni barua. Akasema basi imefutika.

Sasa Elsie, Gedi. Hapa naomba ukae vizuri. Ni mji mzima ndani ya msitu. Si nyumba moja au mbili, mji! Mizizi imekumbatia kuta, nyani wanakaa madirishani kama wenye nyumba. Kuna jumba la mfalme lenye vyumba na baraza, visima vimejengwa kwa mawe, na vyoo, mpwa wangu. Vyoo vya ndani! Niliingia kimoja nikachuchumaa kukijaribu, nikiwa nimevaa suruali, usicheke, nikaona kimepimwa na mtu mwenye akili. Niliporudi nilimwambia Padri kwamba watu weusi walikuwa na choo ndani ya nyumba kabla babu yake hajajua sabuni. Alisema atafikiria.

Lakini kilichonikaa kichwani ni hiki: walikwenda wapi? Niliuliza kila mtu. Msimamizi wa kazi alisema visima vilikauka. Mpishi akasema hapana, walishambuliwa na Wagalla. Mchimbaji mmoja akasema ni ugonjwa. Mwingine akasema ni majini, na akanishauri nisilale karibu. Kila mtu ana jibu na hakuna aliyekuwepo. Wameokota shanga mle ndani, na vipande vya sahani za Kichina. Watu hawakuaga. Nilizunguka mle jioni nzima nikiingia mlango huu natokea ule, nikijisikia kama mtu aliyekuja kuzuru jamaa akakuta wametoka.

Na baba yako je? Hakuwepo! Msimamizi akasema bahari imekula msingi wa ile nguzo ya Mreno kule Malindi, na fundi Donald ametumwa peke yake kuitengeneza. "Aliomba mwenyewe," akasema. "Anataka mahali pasipo na wa kumpa hongera." Alidhani anafanya mzaha. Mimi sikucheka.

Basi nikaenda Malindi. Nguzo ile iko kwenye ncha ya jabali inayoingia baharini, nyeupe, ina msalaba juu, na pepo zinapiga pale mpaka kofia yangu nikaikalia. Baba yako alikuwa chini yake, kamba kiunoni, mikono myeupe kwa chokaa mpaka viwiko. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua.

"Umekuja."

"Nimekuja, shemeji."

"Na baisikeli?"

"Na Mama Mkwe."

"Umefuata nini?"

"Kutazama nguzo."

"Itazame. Ukimaliza, nipe hilo jiwe."

Nilimpa jiwe. Akasema si hilo. Nikampa lingine. Elsie, nimebeba mawe siku ile mpaka goti likaanza kusema kwa lugha za kigeni, na mtu hakutamka neno isipokuwa "hilo", "si hilo". Mchana akanigawia muhogo na samaki wa kukaanga. Tukala migongo yetu imeegemea nguzo. Hatimaye akauliza kama nimepita Gedi. Nikasema nimepita. Akauliza nimeonaje.

Nikamwambia: "Choo ni kizuri." Akaguna. Nikamwambia, "Lakini shemeji, mimi najua kwa nini waliondoka."

"Wewe? Wasomi hawajui."

"Wasomi si Wataita. Walikasirikiana wale. Baba na mtoto, mke na mume, nyumba hii na ile. Na hakuna aliyetasa. Mmoja akanyamaza akahama, mwingine akanyamaza akahama, wa mwisho akafunga mlango. Hakuna vita, hakuna ugonjwa. Kimya tu."

Nilisema kwa kumchokoza, unanijua. Lakini yeye akauweka muhogo chini. Nikadhani nimeiharibu safari nzima. Halafu akaanza kusema, akitazama bahari, si mimi. Akasema si mbuzi. Mbuzi hawana neno, na huyo kijana amesikia ni mtu wa kazi. Akasema: "Yule mchuuzi aliponipa hongera nilimwambia asante. Nikacheka naye. Nikamwuliza na biashara inaendaje. Nilisimama pale sokoni, Mwandawiro, nikijifanya najua habari, nikijifanya baba wa mtoto wangu."

Mimi, mpwa wangu, nikampa kipande changu cha mwisho cha samaki. Mwandikie mama yako hivyo, hataamini.

Kisha akanyoosha mkono. "Haya. Lete. Najua dada yako hawezi kukutuma bila kitu." Nikampa chupa. Akaigeuza chini juu, likatoka tone moja. Nikamweleza habari ya feri, na gunzi, na karani aliyelala kifudifudi. Elsie, baba yako alianza kutikisika mabega. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, tena kile kicheko chake cha zamani kisicho na sauti, mpaka akashika nguzo ya Mreno asianguke.

Nikasema, "Basi tumia bahari, maji si hayo?"

"Maji ya chumvi? Unataka mtoto wangu azae dagaa?"

Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha, yote tumekorogea chokaa. Lakini kulikuwa na dafu moja, alilowekewa na jamaa wa jirani. Akalipasua kwa kisu. Tukabishana kama dafu linafaa. Mimi nikasema wazee wetu hawakuwahi kulitumia. Yeye akasema wazee wetu hawakuwahi kufika hapa. Nikakubali, ana haki.

Akauliza Kampala iko upande gani. Nikamwonyesha kwa kidole, huko bara, juu kidogo. Akasimama, mgongo baharini ili upepo umsaidie. Akaniambia nikae kando. Lakini wewe unanijua, nilitaka kusikia kila neno nije nikueleze, na upepo ulikuwa unayachukua maneno. Nikasogea mbele yake. Akajaza mdomo. Akanyunyiza, akasema: kama nilimkasirikia Elsie, itoke. Akanyunyiza: kama nilimkasirikia mama yake, nayo itoke. Akanyunyiza tena, kwa nguvu: aolewe, azae, nyumba yake isije ikakaa tupu kama ile niliyoifagia kule Gedi.

Yote ilinipata mimi. Usoni, kifuani, shati zima. Hata Mama Mkwe alipata kidogo. Nikapangusa macho nikamwuliza, sasa hii inahesabika? Hasira imetoka kwako, lakini baraka kwa Elsie haikufika. Akapangusa mdomo. "Itafika," akasema. "Wewe ndiye utakayembebea."

Basi nimerudi nayo. Njia nzima sikuvua lile shati, na kwenye treni nilipata kiti changu peke yangu, watu ni waungwana. Nilipofika hapa mama yako alikuja na sabuni kabla ya salamu. Nikapiga kelele kama nimeibiwa, nikamweleza. Akalichukua shati, akalinusa. Akakaa kimya. Wewe unajua hilo ni ajabu kuliko Gedi. Kisha akalitundika kwenye msumari peke yake, ukutani, na jioni hiyo nikamsikia anaimba jikoni.

Baba yako atakuja na treni nguzo ikikauka. Anataka Phineas ampokee Voi stesheni, yeye mwenyewe, bila baba yake Munyao, wapande mlima pamoja kwa miguu. Mwambie kijana avae viatu vizuri na asiongee sana. Akiguniwa, aelewe ni salamu.

Sasa swali lako la tarehe. Sina jibu, na mama yako nimemkataza kuwa nalo. Chagueni wewe na Phineas. Mkishachagua, usimwandikie mama yako, wala mimi, wala Lois asiropoke kwa mtu. Mwandikie baba yako, peke yake, Malindi. Tunataka sisi tuisikie kutoka kwake. Nitakaa hapa Bura nimejifanya sijui kitu, na akinipa habari nitampa hongera ambayo itasikika mpaka Taveta.

Nisalimie Lois, mwambie nimemjibu maswali yote kabla hajauliza. Msalimie Josephat kama bado anawapitia, na umwambie baisikeli aliyoniuzia haijafa, inamwombea. Tryphena anakusalimu, na mbuzi wanakusalimu kwa hofu. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe mume asiyenuna, na watoto wengi wenye kelele.

Siku ukishuka hapa, usikimbilie kwa mama yako. Njoo kwangu kwanza unikumbatie. Nitakuwa nimelivaa lile shati. Sijalifua.

Wako akupendaye,
Mjomba wako,
Mwandawiro.